HANA MTU MLANGONI

Somo: Yohana 5:1-9





Mwezi huu tumeona vema kusema nanyi juu ya jambo ambalo baadhi yenu mtashangaa kulikuta katika gazeti la parishi, nalo ni uuzaji wa tiketi za mpira. Bila shaka mzee mmoja atauliza, mpira na Injili wapi na wapi? Jibu letu ni fupi. Mahali po pote penye watu wengi, kitu kichache, na fedha mikononi, hapo ndipo uadilifu wa mtu hujulikana. Mkristo hawezi kuuacha uadilifu wake nyumbani Jumamosi kisha akauvaa tena Jumapili asubuhi pamoja na shati jeupe.

Mwezi wa Aprili mwaka 2024 timu ya Pamba Jiji ya Mwanza ilipanda tena Ligi Kuu, baada ya kukaa nje miaka 23. Watu wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega waliifurahia habari hiyo kana kwamba timu ni yao, wala si ajabu, kwa maana jina lenyewe ni jina la zao letu. Miaka kumi kabla yake tulikuwa tumeona Stand United ya Shinyanga ikipanda, mwaka 2014, na mwaka uliofuata Mwadui nayo ikapanda. Siku zile mkoa wetu wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012, ulikuwa bado mchanga, na wengi wetu tulikuwa tukijihesabu bado kuwa watu wa Shinyanga. Tulishangilia pamoja nao.

Furaha hiyo ni njema, na kanisa halina ugomvi nayo. Usukuma ni nchi ya mashindano tangu zamani. Wazee wetu waligawanyika katika Wagika na Wagalu, kila upande ukicheza ngoma yake kwa siku nyingi, na aliyevuta watu wengi zaidi ndiye aliyeshinda. Lakini angalieni tofauti. Ngoma ile ilichezwa uwanjani peupe. Aliyefika mapema alisimama mbele, aliyechelewa alisimama nyuma, wala hapakuwa na mlango wa kumzuia mtu. Mpira wa leo una ukuta, una mlango, na una tiketi. Palipo na mlango pana mwenye kuushika, na hapo ndipo neno letu la leo linapoanzia.

Timu ikiwa katika daraja la chini, mpenzi wake huingia kwa fedha kidogo na kukaa apendapo, maana nafasi ni tele. Siku timu ikipanda, mambo hubadilika. Simba au Yanga wanakuja kucheza, na kila mtu anataka kuingia, hata yule ambaye kwa miaka yote hakuijua njia ya uwanja. Kiingilio kinapandishwa. Tiketi zinakwisha kabla ya wakati, kisha zinaonekana tena mikononi mwa watu walio nje, kwa bei nyingine. Na mtu aliyetoka Bariadi alfajiri, akapita Lamadi na Magu kwa basi, anafika mlangoni na kuulizwa swali tunalolijua sote: una mtu hapa?

Wapendwa, swali hilo ni la zamani. Tusome Injili ya Yohana, sura ya tano. Huko Yerusalemu, karibu na mlango wa kondoo, palikuwa na birika na matao matano, na wagonjwa wengi walilala hapo wakingoja maji yatibuliwe. Palikuwa na mtu mmoja aliyekuwa na ugonjwa wake miaka 38. Bwana Yesu alipomwuliza kama anataka kuwa mzima, mtu yule hakujibu ndiyo wala hapana. Alieleza shida yake, kwamba hana mtu wa kumtia birikani, na kila akijaribu kwenda, mwingine humtangulia.

Mara nyingi twahubiri juu ya uponyaji wa mtu huyu, na ni haki kufanya hivyo. Lakini leo tuitazame foleni yake. Maji yalikuwa pale kwa wote. Hakuna amri iliyomkataza kuingia. Hata hivyo, kwa sababu hapakuwa na utaratibu wa kumlinda aliyetangulia kufika na asiye na nguvu, mwenye miguu mizuri na mwenye ndugu alipata kila mara, na asiye na mtu alibaki chini. Hivyo ndivyo dhuluma inavyoweza kukaa katikati yetu bila mtu mmoja kujiona kuwa dhalimu. Kila mmoja aliyemtangulia alisema moyoni, mimi nami nina shida yangu. Na yule mgonjwa akazeeka pale.

Basi tuyaangalie makosa matatu yanayotokea mlangoni mwa uwanja, ili tujue tusimame wapi.

Kosa la kwanza ni ulanguzi. Wale wenye umri mkubwa hawahitaji kuelezwa neno hili. Twakumbuka mwaka 1983, wakati Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoongoza vita juu ya walanguzi na wahujumu uchumi, na jinsi sukari, sabuni na khanga zilivyokuwa hazionekani dukani, lakini zikaonekana usiku nyumbani kwa mtu. Mlanguzi wa tiketi ni ndugu yake yule. Ananunua tiketi nyingi asizohitaji, anazificha mpaka wengine wakose, kisha anawauzia kwa bei inayotokana na kukosa kwao.

Vijana wengine wametuuliza, je, hii si biashara kama biashara nyingine? Mbona mwenye kuchukua mahindi Maswa na kuyauza Mwanza hatumwiti mlanguzi? Ni swali zuri, nasi twalijibu. Mwenye kupeleka mahindi ametoa kitu mahali kilipo tele, akakipeleka mahali kilipo haba. Amelipa gari, amebeba hatari, na alikokwenda watu wamepata chakula ambacho hawakuwa nacho. Mlanguzi wa tiketi hakuongeza hata kiti kimoja uwanjani. Viti ni vile vile, na mlango ni ule ule. Alichofanya ni kusimama kati ya mtu na kiti chake. Mithali 11:26 husema waziwazi kwamba watu watamlaani yeye azuiaye nafaka, na baraka itamkalia yeye auzaye. Kosa linalotajwa pale ni kuzuia, wala kuuza hakulaumiwi.

Kosa la pili ni upendeleo. Tiketi chache zinawekwa kando kwa ajili ya wakubwa, na jamaa za wakubwa, na marafiki za jamaa zao. Mlango wa nyuma unafunguliwa kwa mwenye kujulikana, na huku mbele watu wanasukumana juani. Mtume Yakobo aliliona jambo hili kanisani kwenyewe. Katika sura ya pili ya waraka wake anasimulia habari ya mtu mwenye pete ya dhahabu anayeonyeshwa mahali pazuri pa kukaa, na maskini anayeambiwa asimame au aketi chini. Yakobo hasemi kwamba viti vya mbele ni dhambi. Jukwaa kuu lenye bei yake iliyotangazwa si dhambi. Anayeweza kulipa na alipe. Dhambi ni mwamuzi wa mlangoni kuwatazama watu nyuso zao na mavazi yao, akawagawia haki kwa kipimo hicho.

Kosa la tatu ni uongo wenyewe, yaani tiketi bandia, na kuwaingiza watu kupita kiasi cha uwanja kwa fedha zinazotiwa mfukoni. Hapa hatusemi tena juu ya shilingi tu, bali juu ya roho za watu. Tarehe 23 Oktoba 2010 katika uwanja wa Nyayo, Nairobi, watu 7 walikufa katika msongamano wa kuingia kutazama Gor Mahia na AFC Leopards. Hapa kwetu, tarehe 28 Mei 2023, Yanga ilipocheza na USM Alger ya Algeria katika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, mtu mmoja alikufa na wengine 30 wakaumia katika msukumano kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa. Hatusemi kwamba kila ajali ya namna hii hutokana na tiketi za wizi. Lakini twajua kwamba mlango usio na utaratibu huua. Waingereza walijifunza kwa uchungu mkubwa huko Hillsborough mwaka 1989, ambako watu 97 walipoteza maisha yao, nao mwaka 1994 wakatunga sheria ya kumfanya mkosaji ye yote auzaye tiketi ya mpira mikononi bila idhini.

Kwa hiyo mshika mlango asijidanganye kwamba anaiba kidogo tu. Ameshika uhai wa mtoto wa mtu.

Sasa mtasema, sisi wa Bariadi tufanyeje, nasi si wenye uwanja wala wenye timu? Tujifunze kwa baba zetu. Katika miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma walikuwa wakinung'unika juu ya mizani. Mkulima alilima, alipalilia, alichuma, akabeba gunia kichwani hadi kwa mnunuzi, na pale mizani ikasema neno dogo kuliko jasho lake. Wangeweza kuchoma maduka. Wangeweza pia kunyamaza na kusema, ndivyo dunia ilivyo. Hawakufanya hivyo. Waliweka watu wao wenyewe wanaojua kusoma mizani, wasimame kando yake na kuangalia. Kisha wakaunda vyama vyao, na mwaka 1955 ukazaliwa muungano wa ushirika wa Victoria, ambao Paul Bomani alikuwa miongoni mwa viongozi wake wakuu. Ushirika huo ulipata taabu zake baadaye, kama tujuavyo. Lakini mwanzo wake ulikuwa jambo dogo na la haki: mtu mwaminifu asimame mahali panapopimiwa.

Hilo ndilo linalotakiwa mlangoni mwa uwanja. Mambo ya Walawi 19:35-36 huamuru mizani ya haki na vipimo vya haki, na tiketi nayo ni kipimo. Bei iandikwe, itangazwe mapema, na isibadilike dirishani. Hesabu ya tiketi zilizouzwa iwekwe wazi. Siku hizi tiketi nyingi huuzwa kwa mitambo ya elektroniki na kwa kadi kama N-Card, ambayo mtu huijaza fedha kwa simu. Twashukuru kwa msaada huo, kwa maana mashine haina shemeji. Lakini mashine huwekwa na watu na lango hufunguliwa na watu. Tena kuna mama wa kijijini asiye na simu ya namna hiyo, naye asifanywe mgeni kwa sababu ya mashine. Yohana Mbatizaji aliwaambia watoza ushuru wasitoze zaidi ya walivyoamriwa, Luka 3:13. Hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia waifanye kwa haki.

Nasi tuwe waadilifu kwa upande wa klabu pia. Timu iliyopanda ina gharama kubwa. Itasafiri kutoka Ziwa hadi pwani na hadi kusini, italipa wachezaji na kuwalisha. Kiingilio kikipandishwa kwa kiasi na kikatangazwa, tusikimbilie kusema tumeibiwa. Lakini viongozi wawakumbuke wale waliokaa juani pamoja na timu wakati haikuwa na jina. Katika mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu, Mathayo 20, mwenye shamba aliwapa waliokuja saa ya kumi na moja sawasawa na waliotangulia, na wa kwanza wakanung'unika. Twajifunza hapo kwamba mpenzi wa zamani asimchukie mgeni aliyekuja leo kwa sababu ya Simba na Yanga. Mgeni naye ana haki ya kufurahi. Lakini soma tena kwa makini: mwenye shamba hakuchukua dinari ya wa kwanza ili ampe wa mwisho. Kila aliyepatana naye alipata alichopatana. Ukarimu kwa mgeni hauwi mwema kama unalipwa kwa haki ya mwenyeji.

Tena ahadi ya tiketi ni ahadi. Tarehe 8 Machi 2025 mchezo wa Simba na Yanga uliahirishwa siku ile ile ya kuchezwa, na tiketi zilikuwa zimeuzwa, na watu walikuwa wamesafiri kutoka mikoani. Mchezo ukaja kuchezwa tarehe 25 Juni. Hatuamui hapa nani alikuwa na kosa. Hiyo si kazi ya gazeti hili. Twasema tu kwamba katika ugomvi wa wakubwa, wa kwanza kufikiriwa awe yule aliyelipa nauli yake kwa fedha za pamba au za ng'ombe wake mmoja, maana yeye hana mtu mezani wanapoamua.

Basi, wapendwa, tunawaomba mambo manne.

Kwanza, kijana wa kanisa letu akipewa kazi ya kukatisha tiketi au kushika mlango, aione kuwa ni utumishi. Akipewa hongo, aikatae hata kama wenzake watamcheka. Akija mtu wa parishi yetu, hata kasisi, hata mzee wa kanisa, na kuomba kupitishwa bure, amwelekeze kwenye foleni kwa heshima. Sisi wenyewe twampa ruhusa hiyo kwa maandishi haya.

Pili, Mkristo asinunue kwa mlanguzi. Twajua ni vigumu mtu akiisha kusafiri mbali. Lakini bila mnunuzi hakuna mlanguzi, na anayekubali kulipa mara tatu leo ndiye anayemfungia mlango maskini kesho. Ni heri kurudi na kusikiliza mpira redioni.

Tatu, vijana wetu wanapopanga safari ya basi kwenda Mwanza kutazama mchezo, orodha ya nafasi ibandikwe kwenye mlango wa kanisa, kwa taratibu ya waliotangulia kujiandikisha na kulipa. Nauli iwe gharama ya basi na si zaidi. Nafasi asiyoitaka mtu airudishe kwa katibu kwa bei ile ile, asiiuze pembeni. Na viti viwili vya mbele viwekwe kwa mlemavu au mzee atakayependa kwenda. Visipopata mtu, apewe anayefuata katika orodha. Tusiwahukumu watu wa uwanjani wakati basi letu wenyewe lina mlango wa nyuma.

Nne, tuchunguze milango mingine tunayoishika. Wengi wetu hatutauza tiketi ya mpira maisha yetu yote. Lakini mmoja wetu ni karani wa chama cha msingi na anapima pamba. Mwingine yuko dirishani zahanati. Mwingine anaandika majina ya watoto shuleni, au anagawa mahindi ya msaada mwaka wa njaa, au anapanga zamu kisimani. Kila mmoja wao hukutana na mtu asiye na mtu. Mwenyezi Mungu atatuuliza juu ya huyo.

Bwana wetu alipofika Bethzatha, kati ya wagonjwa wengi waliolala pale, alimwendea yule aliyekuwa hana mtu. Hakumshika mkono ili kumsukuma mbele ya wengine birikani, wala hakumfukuza aliyekuwa akitangulia. Alimsimamisha kwa neno lake mwenyewe, akamwambia ajitwike godoro lake na kwenda. Yeye asiye na mtu alimpata Mwana wa Adamu. Sisi tulio kundi lake yatupasa kuwa watu wa wasio na watu, kila mmoja mlangoni pake.

Tuombe:

Ee Mungu mwenye haki, usiyetazama uso wa mtu, wabariki vijana wetu katika michezo yao na uwalinde wanaosafiri kwenda kuitazama. Wape uaminifu wote wanaoshika milango, mizani na madirisha. Utuondolee tamaa ya kupata kwa kumkosesha mwingine, na utufundishe kumngoja aliye dhaifu, ili sote tuingie kwa furaha katika mji wako ambao milango yake haifungwi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Neema ya Bwana iwe pamoja nanyi nyote.

Sisi watumishi wenu katika Bwana.